Rudolf Diesel: Aliota injini ya kula vumbi, akaacha isiyostahimili hata chembe

FUNDI anayefungua boneti ya gari kuukuu la dizeli, mathalan Mercedes-Benz 240 D au Peugeot 504, huanza na kitu kidogo kuliko vyote. Kabla hajagusa pampu wala nozeli, humuuliza mwenye gari ni lini filta ya mafuta ilibadilishwa mara ya mwisho. Gari likikataa kuwaka alfajiri, likikohoa mlimani au likiishiwa nguvu dereva anapotaka kulipita lori, mshukiwa wa kwanza huwa kile kikopo cha bati chenye karatasi iliyokunjwakunjwa ndani yake.

Wengi hulitamka neno dizeli kila siku, katika vituo vya mafuta, ndani ya matwana na kando ya mashine za kusaga unga. Ni wachache wanaokumbuka kwamba hilo lilikuwa jina la mtu. Na wachache zaidi wanajua kwamba mtu huyo hakutarajia injini yake iwe na udhaifu huo wa kusumbuliwa na uchafu. Yeye aliota injini isiyochagua chakula, ambayo ingemeza hata vumbi la makaa ya mawe na kuligeuza kuwa nguvu.

Rudolf Christian Karl Diesel alizaliwa jijini Paris, Ufaransa, mnamo Machi 18, 1858. Wazazi wake, Theodor na Elise, walikuwa Wajerumani kutoka Bavaria waliokuwa wamehamia huko kutafuta riziki. Baba alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na kutengeneza bidhaa za ngozi. Mtoto Rudolf alitumwa kusukuma mkokoteni barabarani akiwapelekea wateja bidhaa hizo. Alipopata nafasi, alipotelea katika jumba la makumbusho ya sanaa na ufundi la jiji hilo, akikaa mbele ya mitambo ya kale na kuichora.

Maisha hayo yalikatizwa na vita vya mwaka wa 1870 kati ya Ufaransa na Prussia. Wajerumani walitimuliwa Paris. Familia ya Diesel ilivuka bahari hadi London ikiwa na mizigo michache, na huko dhiki ikazidi. Rudolf, mvulana wa umri wa miaka 12, alipelekwa Ujerumani katika mji wa Augsburg, aliko zaliwa baba yake, akalelewa na jamaa zake, Christoph na Barbara Barnickel. Christoph alikuwa mwalimu wa hisabati katika shule ya ufundi mjini humo.

Uhamisho huo wa machungu ndio uliomfungulia njia. Akiwa na miaka 14 aliwaandikia wazazi wake kwamba amekata shauri kuwa mhandisi. Mwaka uliofuata aliongoza darasa lake, na mnamo 1875 akapata ufadhili wa kuendelea na masomo katika chuo cha ufundi cha Munich. Wazazi walitaka kijana aanze kazi awasaidie. Alikwenda chuoni bila kusubiri baraka zao.

Mwalimu aliyemwathiri zaidi chuoni alikuwa Carl von Linde, bingwa wa mitambo ya kutengeneza baridi. Katika mhadhara mmoja Linde aliwaeleza wanafunzi kwamba injini za mvuke, zilizokuwa fahari ya karne ile, zilipoteza karibu joto lote la makaa yaliyochomwa. Katika kila mafungu kumi ya joto, moja tu au pungufu ndilo lililofanya kazi. Mengine yalikwenda na moshi. Diesel aliandika pembeni mwa daftari lake kwamba hapana budi pawe na njia bora. Wazo hilo halikumtoka tena.

Homa ya matumbo ilimfanya akose mtihani wa mwisho mwaka wa 1879. Alipokuwa akingoja nafasi nyingine alikwenda Winterthur, Uswisi, kufanya kazi katika karakana ya Sulzer, akajifunza kushika tupa na spana. Januari 1880 alifuzu akiwa na alama za juu sana. Linde akamrudisha Paris asaidie kujenga kiwanda cha barafu, na baada ya mwaka mmoja hivi kijana huyo alikuwa ndiye mkuu wa kiwanda.

Mnamo 1883 alimwoa Martha Flasche, nao wakajaliwa watoto watatu: Rudolf, Heddy na Eugen. Mchana alisimamia barafu, usiku alihangaika na injini. Kwa miaka kadhaa alijaribu kutumia mvuke wa amonia badala ya mvuke wa maji, na jasho hilo halikuzaa matunda. Mwaka wa 1890 alihamia Berlin na familia yake, bado akiwa mwajiriwa wa kampuni ya Linde. Hataza alizopata kazini hakuruhusiwa kuzitumia kwa faida yake binafsi, na bila shaka hilo lilimchochea kutafuta kitu ambacho kingekuwa chake.

Kitu hicho kilijengwa juu ya jambo ambalo kila mwenye baiskeli amewahi kulihisi kiganjani. Mtu anapojaza upepo kwenye gurudumu, pampu hupata moto, kwa kuwa hewa inayobanwa huongezeka joto. Diesel alijiuliza itakuwaje hewa ikibanwa ndani ya silinda kwa nguvu nyingi mno, mpaka joto lake lipite kiasi cha kuwasha mafuta. Injini ya namna hiyo haingehitaji plagi wala cheche. Mafuta yangeingizwa wakati mwafaka tu, nayo yangewaka yenyewe.

Aliomba hataza mwaka wa 1892, akaipata Februari 1893, na mwaka huohuo akachapisha kitabu kilichoeleza nadharia yake. Hesabu zake za mwanzo zilikuwa za kutisha. Zilidai hewa ibanwe kwa shinikizo la mara 250 ya hewa ya kawaida, jambo ambalo chuma cha wakati huo hakingeweza kulibeba. Ikambidi apunguze, abadilishe namna ya uchomaji na kuomba hataza ya pili. Mabadiliko hayo yaliokoa mradi wake, ila yaliwapa mahasimu wake silaha ambayo waliitumia hadi mwisho wa maisha yake. Walisema kwamba injini iliyofanya kazi siyo ile aliyoiandika.

Heinrich von Buz, mkuu wa kiwanda cha mitambo cha Augsburg, alikubali kujaribu. Kampuni ya Krupp ya Essen ilichangia fedha. Agosti 10, 1893, mtambo wa kwanza, ukizungushwa kwa mkanda kutoka kwenye mitambo ya kiwanda, ulipewa petroli. Kukatokea kishindo. Kipimo cha shinikizo kililipuka na vipande vyake vikaruka hewani, ingawa hakuna aliyeumia vibaya. Wengine wangeona hasara. Diesel aliona ushahidi: hewa iliyobanwa ilikuwa imewasha mafuta bila kiberiti.

Februari 17, 1894, injini iliyofanyiwa marekebisho ilizunguka kwa nguvu zake yenyewe kwa muda wa dakika moja hivi. Ilichukua miaka mitatu zaidi ya kuvunja na kujenga upya kabla ya kupata mtambo wa kuonyeshwa watu. Februari 17, 1897, Profesa Moritz Schröter wa Munich aliupima rasmi. Ulitoa takriban nguvu za farasi 18 na kugeuza asilimia 26.2 ya joto la mafuta kuwa kazi. Hapakuwa na mtambo mwingine wa joto uliokaribia kiwango hicho. Ndoto ya mwanafunzi wa Munich ilikuwa imetimia, angalau karatasini.

Kulikuwa na tatizo moja ambalo halikuisha, nalo lilihusu chakula cha injini. Ilikuwa vigumu mno kuingiza tone dogo la mafuta ndani ya silinda ambayo tayari ina hewa iliyobanwa kupindukia. Diesel alitaka mafuta yasukumwe moja kwa moja kwa pampu, lakini hapakuwa na pampu yenye ustadi wa kutosha. Akalazimika kutumia hewa ya shinikizo kubwa zaidi kuyapuliza ndani. Hewa hiyo ilihitaji kompresa yake, na kompresa ilikuwa nzito, ghali na yenye maradhi yake. Ndiyo sababu injini ya Diesel ilifaa viwanda na meli, na kwa muda mrefu haikuweza kutiwa ndani ya gari dogo.

Ama kuhusu vumbi la makaa ya mawe, jambo alilolitaja tangu hataza yake ya kwanza, majaribio yalimvunja moyo. Vumbi lilikuwa gumu kuingizwa kwa kipimo, na majivu yake yalisaga pistoni na silinda kama msasa. Mafuta yasiyo na taka yalishinda. Kuanzia hapo hatima ya injini hiyo ilikwisha kuamuliwa. Ingeweza kula mafuta ya aina nyingi, lakini kamwe si mafuta yenye mchanga.

Aina hizo kweli zilikuwa nyingi. Katika Maonyesho ya Dunia ya Paris ya mwaka wa 1900, injini moja ndogo ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya njugu karanga, na watazamaji wengi hata hawakutambua. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyopendezwa na wazo hilo, kwa kuwa makoloni yake barani Afrika yalivuna karanga kwa wingi na yangeweza kujipatia nishati bila kuagiza makaa kutoka ng'ambo. Mwaka wa 1912 Diesel mwenyewe alilirudia suala hilo, akiamini kwamba mafuta ya mimea huenda siku moja yakawa na umuhimu sawa na yale ya ardhini. Wakulima wa Afrika hawakuulizwa, na mafuta ya petroli yalipopatikana kwa bei nafuu mpango huo ukawekwa kando.

Utajiri ulimjia kwa kishindo. Adolphus Busch, tajiri wa pombe wa St. Louis, alilipa marki milioni moja kwa haki za Marekani. Emanuel Nobel alinunua haki za Urusi, na mwaka wa 1903 meli yake ya mafuta iitwayo Vandal ilianza kusafiri katika mto Volga kwa injini za dizeli. Diesel akajenga jumba la kifahari mjini Munich na kuishi kama waishivyo mabwana wakubwa.

Nyuma ya pazia mambo yalikuwa tofauti. Injini za kwanza kuuzwa, zilizopelekwa katika kiwanda cha viberiti cha Kempten mwaka wa 1898, ziliharibika mara kwa mara na mafundi walilazimika kuzihudumia bila kupumzika. Wavumbuzi wengine walimshtaki au kudai kwamba aliwaibia wazo. Mwingereza Herbert Akroyd Stuart alikuwa amepata hataza ya injini ya mafuta mwaka wa 1890, na hadi leo wapo wanaodai kwamba ndiye aliyestahili sifa. Dai hilo lina ukweli nusu. Injini ya Stuart ilibana hewa kidogo tu na ilitegemea kichwa cha chuma kilichopashwa moto, ilhali ya Diesel iliwasha mafuta kwa mbano peke yake.

Maumivu ya kichwa na uchovu wa akili vilimpeleka hospitalini mwaka uleule wa 1898. Hakuwa mfanyabiashara hodari. Alitia fedha zake katika ardhi na visima vya mafuta, akapata hasara juu ya hasara. Mwaka wa 1903 alichapisha kitabu kuhusu namna wafanyakazi wangeweza kuunganisha akiba zao ndogo na kumiliki viwanda vyao wenyewe. Yeye alikithamini pengine kuliko injini yake. Umma haukukijali, na nakala zilizonunuliwa zilikuwa chache mno.

Kinachosikitisha ni kwamba mfuko wake ulikuwa ukikauka wakati injini yake ilipokuwa ikishinda. Mapema mwaka wa 1912 meli ya Denmark iitwayo Selandia ilianza safari zake za masafa marefu kwenda Mashariki ya Mbali ikitumia injini za dizeli. Mwaka huohuo Diesel alizuru Marekani na kupokewa kwa heshima kubwa. Mwaka uliofuata jeshi la wanamaji la Ujerumani lilipokea U-19, nyambizi yake ya kwanza ya dizeli. Mwaka huohuo wa 1913 Profesa Johannes Lüders alitoa kitabu kizima cha kumshambulia, akidai kwamba sifa za Diesel zilikuwa hekaya. Hati zilizopatikana baadaye zilionyesha kwamba deni lake lilizidi sana mali aliyobakiwa nayo.

Jioni ya Septemba 29, 1913, alipanda meli Dresden katika bandari ya Antwerp, Ubelgiji, kuelekea Harwich, Uingereza. Alikuwa akienda kwenye mkutano wa kampuni iliyokuwa ikitengeneza injini zake huko. Alifuatana na Georges Carels na Alfred Luckmann. Wote watatu walikula chakula cha jioni, wakatembea kidogo sitahani wakizungumza, na yapata saa nne za usiku wakaagana. Diesel aliomba aamshwe saa kumi na mbili na robo asubuhi.

Asubuhi hakuitika. Kitanda chake hakikuwa kimelaliwa na nguo ya kulalia ilikuwa imetandazwa tayari. Kofia na koti lake vilikutwa vimewekwa vizuri karibu na ukingo wa nyuma wa meli. Katika shajara yake, tarehe ya siku ile ilikuwa imetiwa alama ya msalaba.

Siku kumi baadaye mabaharia wa Kiholanzi waliona maiti ikielea. Hali yake ilikuwa mbaya kiasi kwamba hawakuichukua. Walitoa vitu vidogo mifukoni, kikiwemo kisu cha kukunja na kibweta cha miwani, kisha wakairudisha baharini kama ilivyokuwa desturi. Oktoba 13 mwanawe, Eugen, alivitambua vitu hivyo mjini Vlissingen, Uholanzi. Martha alikuwa ameachiwa mkoba na kuagizwa asiufungue kabla ya juma moja kupita. Alipoufungua alikuta fedha taslimu, pamoja na taarifa za benki zilizoonyesha kwamba akaunti zilikuwa karibu tupu.

Magazeti ya wakati huo, na waandishi wengi baada yake, walisuka visa vya kila namna. Kuna waliosema aliuawa na majasusi wa Ujerumani ili asiwauzie Waingereza siri za nyambizi. Wengine waliwanyoshea kidole matajiri wa mafuta. Ushahidi wa madai hayo haujawahi kupatikana. Mkoba, msalaba kwenye shajara na madeni vinaelekeza kwenye jibu rahisi na la kuhuzunisha zaidi, ingawa hakuna aliyeshuhudia.

Kilichokuwa kimemshinda kilitatuliwa na wengine. Prosper L'Orange wa kampuni ya Benz alipata mwaka wa 1909 hataza ya chumba kidogo cha kutangulizia mwako, kilichoondoa haja ya kompresa. Mwishoni mwa mwaka wa 1922 Robert Bosch wa Stuttgart aliamua kutengeneza pampu ambayo ingesukuma mafuta kwa kipimo halisi. Mwaka wa 1927 pampu hizo zilianza kutoka kiwandani kwa wingi. Mwaka wa 1936, miaka 23 baada ya kifo cha Diesel, Mercedes-Benz ilionyesha Berlin gari dogo la abiria la 260 D. Injini iliyokuwa kubwa kama chumba sasa ilienea chini ya boneti.

Pampu ya Bosch ndiyo iliyoileta filta katika maisha ya kila dereva. Ndani yake mna vijiti vya chuma vinavyopanda na kushuka katika matundu yaliyochongwa kwa ustadi, na nafasi kati ya kijiti na tundu ni sehemu mbili au tatu tu za elfu moja za milimita. Unywele wa binadamu ni mnene mara ishirini na zaidi kuliko hapo. Chembe ya mchanga ikipenya, hukwaruza chuma na shinikizo hupungua milele. Maji hutia kutu. Isitoshe, pampu hiyo hulainishwa na dizeli ileile inayoisukuma, kwa hiyo mafuta machafu huiua kwa njia mbili kwa mpigo.

Katika Mercedes za miaka ya 1970 na 1980, mafuta hupita kwanza kwenye kichujio kidogo cha plastiki angavu, kisha kwenye filta kubwa iliyofungwa kwa boliti ya katikati. Fundi mwangalifu huacha injini ipoe, hupangusa vumbi la nje kabla ya kulegeza chochote, na huweka chombo cha kukingia mafuta chini. Hulegeza vibano vya mipira, hubadilisha kichujio kidogo, kisha hufungua boliti na kushusha filta kuukuu. Kitako husafishwa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, na mpira mpya wa kuzibia hupakwa dizeli kidogo kabla ya kukazwa.

Hapo ndipo wenye haraka hukosea. Wapo wanaojaza filta mpya kwa dizeli ya kwenye mtungi ili gari liwake upesi. Mafuta hayo yakimiminwa katika tundu la upande wa kutokea, hayatachujwa na chochote. Yataingia moja kwa moja kwenye pampu na uchafu wake, na filta mpya itakuwa imenunuliwa bure. Njia salama ni pampu ya mkono iliyo ubavuni mwa pampu ya Bosch. Huilegeza kishikio chake na kukisukuma, tena na tena, mpaka filta ijae na hewa yote itoke.

Hewa ni adui wa pekee wa injini hii. Mafuta hayabanwi kwa urahisi, lakini povu hubanwa, na pampu inayobana povu haiwezi kufungua nozeli, ambayo katika magari hayo hungoja shinikizo la zaidi ya mara 100 ya hewa ya kawaida. Ikiwa gari bado linakataa, fundi hulegeza nati za mabomba ya nozeli moja au mbili huku mwenzake akizungusha injini, hadi mafuta yatoke bila mapovu. Wakati huo huweka mikono mbali, kwani mafuta yanayotoka kwa kasi hiyo yanaweza kutoboa ngozi.

Nchini Kenya filta ilikuwa na mtihani mwingine usioiwezekania. Kwa miaka mingi wafanyabiashara walaghai walichanganya dizeli na mafuta taa kwa kuwa mafuta taa yalitozwa ushuru mdogo. Mwaka wa 2018 serikali ilianzisha ada ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuondoa tamaa hiyo, hatua iliyowaumiza pia waliotegemea mafuta hayo kwa stovu na koroboi. Filta hunasa mchanga, na nyingine hutenga maji. Mafuta taa yaliyokwisha kuyeyuka ndani ya dizeli hupita humo kama dizeli yenyewe. Hayalainishi chuma ipasavyo, na mwenye gari huja kujua pampu imekwisha kulika. Huko ndiko kulikofika ndoto ya injini ya kula kila kitu.

Eugen, yule aliyevitambua vitu vya baba yake, alikuja kuwa mwandishi na mwaka wa 1937 alitoa kitabu cha maisha ya mzazi wake, asifiche madeni wala udhaifu. Rudolf Diesel hana kaburi. Ukumbusho wake ulio mtulivu kuliko yote uko katika bustani moja mjini Augsburg, nao haukujengwa na Wajerumani. Ulitolewa mwaka wa 1957 na Mjapani Magokichi Yamaoka, mwanzilishi wa kampuni ya Yanmar. Mnamo 1933 kampuni yake ilitengeneza injini ya dizeli ndogo kiasi cha kumfaa mkulima. Yamaoka alileta mawe kutoka Japani, akayapanga chini ya miti, katika mji alikofika mvulana wa miaka 12 aliyekuwa amefukuzwa Paris.